Animatrice Aliyetufundisha Kusema

Kitu cha kwanza alichonikataza ni kuomba samahani.

Nilikuwa na siku mbili tu shuleni. Nilikuwa nimekanyaga beseni la mtu bwenini likapasuka, na kwa kuwa sikujua ni la nani, kila msichana aliyepita mbele yangu nilimwomba radhi. Yeye alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Mwishowe akaja, akanishika mkono wa sweta, akanivuta hadi dirishani.

"Weye mutoto, unaomba samahani mingi sana," akasema. "Muntu mwenye kuomba samahani mbio mbio anataka tu bamuache. Kwanza ujue umefanya nini, na umemufanyia nani. Kisha ukuje useme."

Nilishtuka, na si kwa maneno bali kwa lugha. Shule nzima ilizungumza Kinyarwanda, na darasani Kifaransa na Kiingereza. Mwanamke huyu alinisemesha Kiswahili cha Bukavu, kile nilichodhani nimekiacha ng'ambo ya daraja. Wazazi wangu ni Wanyarwanda waliokulia Kongo. Tulikuwa tumerudi miaka miwili kabla, tukapanga nyumba Kamembe, na mama aliendelea kuvuka mpaka kila asubuhi na nyanya zake kwenda kuuza upande wa pili. Kinyarwanda changu kilikuwa kizito, wasichana walikicheka. Kwa hiyo mtu aliponiita "mutoto" kwa sauti ya nyumbani, nilimpa moyo wangu palepale, beseni la watu likiwa bado mkononi.

Sisi tulimwita Animatrice, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Katika shule zetu za bweni, animatrice ndiye mwanamke anayeishi na wanafunzi: anawaamsha, anawakagua, anawapeleka zahanati wakiugua, anajua nani amepata hedhi na nani amelia. Kuhusu mahali alipozaliwa na watu wake sina la kuandika. Ukimuuliza alijibu kwamba yeye ni wa chumba cha mwisho, kile kilichokuwa mwishoni mwa bweni letu, chenye kitanda kimoja, redio, na picha ya Bikira Maria iliyopauka kwa jua. Na shule yenyewe sitaitaja. Ilikuwa juu ya kilima kimoja cha Rusizi, migomba pande zote, na siku isiyo na ukungu uliona kipande cha ziwa Kivu kwa mbali kama sahani iliyosahauliwa.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea bila kutoa sauti. Wengine wenye funguo hupenda zisikike. Zake alizifunga kwenye pindo la kitenge. Alisema hataki watoto wajifunze kuwa wema kwa sababu funguo zinakuja. Alikula akiwa amesimama, mgongo kwenye ukuta wa bwalo, macho yakipita meza kwa meza. Alijua kwamba msichana fulani wa mwaka wa kwanza amegeuza maharage yake kwa kijiko mara tatu bila kuyapeleka mdomoni, na jioni hiyo hiyo alikuwa amekaa kwenye kitanda chake akimuuliza habari za kwao.

Aliyatandika mashuka kama anayefunga barua. Pembe zote nne alizikunja kwa kiganja, akazisukuma chini ya godoro, kisha akapiga mara mbili kwa gumba la mkono. Alitufundisha hivyo sote, na mpaka leo sijui kutandika kitanda kwa namna nyingine.

Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ulikuwa wake, ingawa kwenye karatasi ulikuwa wa walimu. Mkuu wa wanafunzi shuleni kwetu huitwa doyenne. Katika shule nyingine, nasikia, wanaotaka cheo hicho hugawa biskuti na kutoa hotuba. Animatrice aliwapa wagombea wiki moja ya kusafisha vyoo, kisha ndipo watu wakapiga kura. Hakueleza sababu, na hakukuwa na haja. Kufikia siku ya nne tulishajua nani anasafisha, nani anamwaga maji tu, na nani anawatuma wadogo wamsafishie.

Nilichaguliwa nikiwa mwaka wa tano. Mimi, mwenye Kinyarwanda cha kuchekwa. Vestine, ambaye alinishinda kwa kila kitu isipokuwa kura, akawa makamu wangu. Alikuwa binti wa wakulima wa Gitambi, mrefu, mwenye mwandiko mzuri kiasi kwamba walimu walimpa kazi ya kuandika vyeti. Tulilala vitanda vilivyofuatana. Mimi nilimfundisha Kiswahili, naye alinirekebishia Kinyarwanda, na tulichekana bila kuumizana.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Animatrice alituita sisi wawili kwenye chumba cha mashuka. Palinuka sabuni na jua. Tulikunja mashuka watatu, yeye akitufundisha kazi. Huo ndio uliokuwa uongozi wote niliofundishwa maishani mwangu, na semina zote nilizohudhuria baadaye nikiwa mwalimu hazikuongeza kitu.

"Mukiita mukutano, anasema kwanza nani?" alituuliza siku moja.

"Doyenne," nikajibu.

"Apana. Anasema kwanza mudogo kuliko bote. Doyenne akisema kwanza, bengine banarudilia tu ile amesema. Weye unakaa, unanyamaza, unasikia. Kisha unasema ya mwisho, na unasema kidogo."

"Na kama wadogo wanaogopa?" Vestine akauliza.

"Basi ni miye na weye tumebaogopesha. Tunaanza pale."

Tulifanya hivyo. Mikutano ya bweni ikabadilika. Watoto wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakikaa nyuma wakitafuna kucha walianza kuinua mikono. Tukajua kwamba mabafu ya chini hayana kitasa, kwamba mpishi mmoja anawatukana, kwamba kuna msichana anakojoa kitandani na anaamka saa tisa alfajiri kufua peke yake. Mengine tuliyatatua wenyewe. Mengine Animatrice aliyachukua, na kesho yake yalikuwa yamekwisha bila mtu kujua ameyamaliza vipi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wakati ule tulilipenda. Alikuwa mwongo hodari.

Alituhubiria ukweli asubuhi na jioni, lakini akisimama mbele ya Directrice, mkuu wetu wa shule, aliweza kusema uongo kwa uso mkavu kama sahani. Msichana mmoja alichelewa kurudi kutoka likizo kwa siku mbili kwa sababu mama yake alikuwa amejifungua. Kanuni ilisema arudishwe nyumbani. Animatrice alimwambia Directrice kwamba mtoto yule alirudi siku ileile, ila alikuwa na homa, amelala chumba cha mwisho, na ni yeye aliyesahau kumwandika. Alisema hivyo sisi tukiwa tumesimama pale, tena akaongeza habari ya kitambaa cha maji alichomwekea kwenye paji la uso. Tulitoka nje tukikimbia ili tucheke. Tulijisikia kulindwa. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anayeweza kufanya hivyo kwa ajili yetu anaweza pia kufanya vinginevyo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo niliona na sikulielewa. Mwanamke huyu hakuogopa mtu. Niliwahi kumwona akimzuia baba mmoja mlangoni, mwanamume mkubwa aliyekuja kumtoa binti yake shuleni ili akamwoze, akamwambia: "Papa, utapita kwanza juu yangu." Yule baba aliondoka. Lakini viatu vya Directrice viliposikika kwenye varanda, Animatrice aliacha alichokuwa akifanya, akavuta kitenge chake kikaze, akawa mdogo. Hata sauti ilipungua. Directrice alikuwa mwanamke kijana kuliko yeye, msomi, mpole wa maneno, na sikuwahi kumsikia akimfokea. Nilidhani ni heshima.

Sasa nieleze habari ya maji.

Shule ilikuwa na tangi kubwa la maji ya mvua nyuma ya nyumba za walimu, lakini lilifungwa kwa kufuli. Maji yake yalikuwa ya jikoni na ya nyumba za wakubwa. Sisi wanafunzi tulishuka bondeni kwenye chemchemi na vidumu vyetu kabla ya darasa la kwanza, tukapanda tena. Kiangazi haikuwa taabu kubwa. Msimu wa mvua ile njia ilikuwa utelezi mtupu, udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye kidumu cha lita kumi kichwani hana pa kushika.

Mwaka wetu wa sita, msichana wa mwaka wa kwanza aliyeitwa Divine alianguka. Kidumu kikamwangukia, mfupa wa bega ukavunjika. Tulimbeba hadi barabarani kwa blanketi. Njia nzima hakulia. Alirudia tu kusema kwamba maji yamemwagika.

Jioni hiyo tukaita mkutano. Mdogo kabisa alisema kwanza, na alisema: "Kesho mimi siendi." Wengine wakafuata. Kabla hawajamaliza, bweni zima lilikuwa limekubaliana kwamba kesho hakuna atakayeingia darasani mpaka tangi lifunguliwe. Mimi na Vestine tulikwenda kumwambia Animatrice. Tulidhani atakasirika.

Alitusikiliza mpaka mwisho, akizunguka kwenye chumba cha mashuka.

"Apana, musigome," akasema. "Mukigoma batasema muko na nidhamu mubaya, na maji batayasahau. Muandike barua. Barua ya heshima. Musiombe mingi: tangi lifunguliwe saa moja tu asubuhi, siku za mvua. Basi."

"Tumpe Directrice?" nikauliza.

"Mumupe. Lakini ikipita kwake tu, italala kwenye droo. Kopi moja muipeleke kwa ofisi ya elimu. Miye niko na muntu anashuka Kamembe kesho. Nitamupa."

Tuliiandika pale pale, watatu tukiwa tumeinama juu ya meza ya kupigia pasi. Maneno mengi yalikuwa yake. Aliyasema kwa Kiswahili, mimi nikayageuza Kifaransa, Vestine akayanakili kwa ule mwandiko wake. Chini hatukuweka majina. Animatrice alitaka iandikwe tu "Wanafunzi wa bweni". Vestine alipomaliza, Animatrice aliishika karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Njo vile banasema," akasema, yaani ndivyo wanavyosema. "Njo vile bantu banasema."

Barua ilifanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba ilifanya kazi. Wiki iliyofuata mtu wa ofisi ya elimu alikuja bila kutoa taarifa, akashuka mwenyewe bondeni na viatu vyake vya mjini, akapanda akiwa na matope mpaka magotini. Sijui alimwambia nini Directrice ofisini. Najua kwamba kabla ya saa sita kufuli lilikuwa limetolewa, na Divine, mkono ukiwa umefungwa kifuani, alifungua bomba kwa mkono wa pili huku watoto wakipiga makofi.

Siku mbili tulikuwa na furaha. Siku ya tatu tukasikia kwamba kutakuwa na baraza la nidhamu.

Directrice alikuwa ameaibishwa mbele ya wakubwa zake, na barua isiyo na majina kwenda nje ya shule kanuni zetu ziliiita uasi. Alikuwa na ile karatasi mikononi mwake. Kila mwalimu alijua ule ni mwandiko wa nani.

Jumapili, baada ya misa, Animatrice aliniita peke yangu. Hakukunja shuka hata moja.

"Kesho banaita baraza," akasema. "Weye utakaa mezani na bakubwa, kwa sababu doyenne anakaa mezani. Vestine atasimama. Sikia vizuri: usifungue mudomo. Nitasema miye."

"Utasema nini?"

"Nitasema ukweli. Barua ni ya miye. Miye nilisema muandike, miye niliituma. Banifanye nini, muzee kama miye? Lakini weye ukianza kusema, utaharibu. Unyamaze mpaka niseme. Umesikia?"

"Nimesikia, maman."

Nilimwita maman. Jioni nilimwambia Vestine asiogope, kwamba yote yamepangwa. Akanitazama, akacheka, akasema kwa Kiswahili nilichomfundisha: "Basi nitalala."

Baraza lilikaa maktabani. Kulikuwa na Directrice, walimu wawili, mwakilishi wa wazazi, Animatrice, na mimi pembeni. Vestine alisimama mbele yetu, mikono nyuma. Walizungumza Kinyarwanda, nami nayaandika haya kwa Kiswahili kama ninavyoyakumbuka.

"Huu ni mwandiko wako?" Directrice akauliza.

"Ndiyo."

"Nani alikuambia uandike?"

Vestine alimtazama Animatrice, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake.

"Niliandika mwenyewe," akasema.

Directrice akageuka. "Animatrice, wewe unaishi nao. Uliijua barua hii?"

Aliinuka. Nilimwona akivuta kitenge chake kikaze. Nilijua anakwenda kusema, na nilishusha pumzi kwa sababu taabu yetu ilikuwa inakwisha.

"Sikuijua," akasema. "Nilimsikia msichana huyu akiwachochea wenzake bwenini. Nikamwonya. Nilimwambia shida za nyumbani zinaongelewa nyumbani. Hakusikia."

Uso ulikuwa mkavu. Tena aliongeza kile kitu kidogo alichokuwa anaongeza siku zote ili uongo upate mwili: alisema Vestine alikuwa amekaa kwenye kitanda cha tatu kutoka mlangoni, na taa ilikuwa inataka kuzimika.

Sikuelewa nilichosikia. Niliendelea kumtazama, nikidhani anaanzia mbali na atafika. Aliketi.

"Doyenne," Directrice akasema, "una la kuongeza?"

Nikasema sina.

Vestine aliondoka Jumanne na pikipiki, godoro lake limekunjwa na kufungwa nyuma, sanduku la bati mapajani. Ilikuwa miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa. Nilimwona kupitia dirisha la darasa la hisabati. Baba yake alitafuta shule nyingine, hakuna iliyompokea muda ule. Mwaka uliofuata kulikuwa na wadogo zake wa kusomeshwa.

Bweni lilijua. Sijui walijuaje, lakini walijua kwamba doyenne alikaa mezani na akasema hana la kuongeza. Waliendelea kunitii. Nikigonga kengele walinyanyuka, nikisema zimeni taa walizima. Lakini nilipoita mkutano, mdogo kabisa alisimama akasema: "Sina la kuongeza." Na aliyefuata, na aliyefuata, kitanda kwa kitanda, mpaka mwisho wa bweni.

Animatrice aliniletea kikombe cha maziwa siku hiyo. Akakiweka juu ya sanduku langu, akapiga pembe ya shuka yangu mara mbili, akaenda zake. Sikuyanywa. Wala yeye hakuja tena, na Jumapili chumba cha mashuka kilikuwa kimefungwa. Kwa miezi ile miwili tulipishana kwenye varanda kama watu wasiojuana, na siku nilipoondoka na matokeo mazuri hakutoka nje kuniaga.

Nikawa mwalimu. Nafundisha Kamembe, nina watoto wawili. Kwa miaka hii yote, mtu akisema neno usaliti, mimi sikuwahi kufikiri juu ya mwanamume au ndugu. Nilimwona mwanamke mfupi anavuta kitenge. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyatayarisha kwa Kiswahili chake ili asikose hata moja. Nilimsimulia mume wangu kisa hiki mara nyingi, na kila mara kiliishia pale alipoketi. Lile swali la Directrice kwangu nililiruka, kwa sababu niliona halibadilishi kitu.

Vestine nilimwona mara moja tu, kituo cha mabasi, mtoto mgongoni na mfuko wa mchele mkononi. Alinisalimu vizuri. Aliuliza kama nyumbani hawajambo. Basi lake likaja.

Mwaka jana nilikwenda hospitali, ile ya juu Mibirizi, kumwona mwenzangu aliyekuwa amejifungua. Nilikosea mlango, nikaingia wodi ya wanawake. Kwenye kitanda cha ukutani kulikuwa na bibi mmoja amelala ubavu, mguu umefungwa kutoka nyonga, na kwa mkono alioweza kuunyoosha alikuwa akihangaika na pembe ya shuka, anaikunja, anaisukuma chini ya godoro, inachomoka.

Ningeweza kugeuka. Nilikwenda nikaikunja ile pembe.

Akanitazama muda mrefu. "Doyenne," akasema.

Nilivuta kiti. Maneno yangu yote yalikuwepo, kama nilivyoyatayarisha, nami nikayasema. Nilimwambia kwamba alinidanganya Jumapili baada ya misa. Kwamba Vestine alilala usingizi usiku ule kwa sababu yake. Kwamba alitufundisha kusema kisha akatuuza mtu wa kwanza aliposema. Nilisema kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasisikie.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alilamba midomo yake mikavu.

"Ni kweli," akasema. "Miye nilibauza. Sikatai."

"Kwa nini?"

"Niliingia mule na ile maneno yote kinywani. Directrice akaniangalia. Nikawaza kile chumba cha mwisho. Bangenifukuza, ningeenda wapi? Sikuwa na kitanda kingine mu dunia. Nikaogopa." Akapumua. "Haikunisaidia. Mwaka ule ule baliniondoa. Lakini niliogopa, njo ukweli."

Nilingoja aombe msamaha. Hakuomba. Nikamwambia kwamba sijamsamehe.

"Sikuombi," akasema. Kisha, bila hasira, kama aliyekuwa akiuliza nani asafishe choo wiki hii: "Lakini kuna kitu kimoja nimekaa nakiwaza hii miaka yote. Nilikuambia unyamaze mpaka niseme. Nilipomaliza kusema, nani alikuwa amekushika mudomo?"

Wodi ilikuwa na kelele za vyombo vya mchana. Mama wa kitanda cha pili alikuwa analishwa uji.

"Nilikuwa mtoto," nikasema.

"Vestine pia."

Alifunga macho. Sijui kama alilala au alichoka kunitazama. Nilikaa pale nikiwa na hasira zangu zote, hakuna hata moja iliyokuwa imepungua, ila sasa hazikujua zikae wapi. Alikuwa amenisaliti. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo, na bado ninayo. Na nilikuwa nimeulizwa swali mbele ya watu sita, kwa jina la cheo changu, nikajibu.

Muuguzi alikuja na daftari lake. Alikuwa msichana mdogo mwenye haraka. Alisema bibi huyu ana siku nne hapa na hana mtu wa kumuuguza, hana wa kumletea chakula, anafuliwa na wagonjwa wenzake. Wametafuta ndugu hawajampata. Akafungua ukurasa, akashika kalamu.

"Wewe ni nani wake?"

Nilitazama ile shuka, pembe yake niliyokuwa nimeikunja.

"Mwanafunzi wake," nikasema.

Akaandika.